Maisha ya Gay-Lussac, fundi wa kupima pombe, asidi na feza



Wengi wetu tulisikia jina la Gay-Lussac ku masomo, mu saa ya kemia, kisha tukalisahau. Wengine waliona herufi mbili, GL, ku chupa za zamani za pombe kali, nyuma ya namba ya degre, bila kujua kama ile ni jina la mtu. Leo tunapenda kueleza maisha yake. Yeye hakufika Afrika hata siku moja, na hakuwa mtu wa sendika. Lakini kazi yake inagusa maisha yetu fasi tatu: pombe yenye watu wanakunywa, asidi yenye kuyeyusha shaba na kobalti mu viwanda vya Katanga, na namna ya kujua kiasi gani cha chuma kizuri kiko ndani ya kitu chenye kuuzwa. Fasi zote tatu ulizo ni moja: nani anapima, na nani anaona kipimo?

Mtoto wa mtu wa sheria

Joseph Louis Gay-Lussac alizaliwa tarehe 6 Desemba 1778 ku Saint-Léonard-de-Noblat, mji mdogo karibu na Limoges, mu Ufaransa. Baba yake aliitwa Antoine Gay, alikuwa mtu wa sheria. Kwa kuwa watu wenye jina la Gay walikuwa wengi ile fasi, baba akaongeza Lussac, jina la fasi yenye jamaa ilikuwa na mashamba. Njo maana mtoto akabeba majina mawili.

Mapinduzi ya 1789 yalimkuta angali mtoto. Wakati wa vitisho baba yake alikamatwa na kufungwa, sawa vile watu wengi walifungwa kwa kushukiwa tu. Alitoka muzima, lakini mali ya jamaa ilipunguka. Kijana akatumwa Paris kutafuta masomo. Mwisho wa 1797 akashinda mtihani na kuingia École Polytechnique, shule mupya ya serikali. Mu miaka ile wanafunzi walipokelewa kwa mtihani, na serikali iliwalipa kidogo kila mwezi. Bila ile franga, pengine hatungesikia jina lake.

Kisha shule, mwanakemia mukubwa Berthollet akamchukua kuwa musaidizi. Wanasimulia kama Berthollet alimpa kazi ya kupima kitu fulani, akitumaini matokeo yataonyesha kama mawazo yake mwenyewe ni ya kweli. Kijana akapima, akapata kinyume, akamwambia mukubwa wake vile alivyoona. Berthollet hakukasirika. Alifurahi, akamfungulia mlango wa nyumba yake na wa chumba chake cha kazi ku Arcueil. Tunataja hili kwa sababu wengi wetu tunajua wakubwa wenye hawapendi kusikia namba yenye haiwapendeze.

Mu 1802 Gay-Lussac alionyesha kama gazi zote, ukizipasha moto sawasawa, zinapanuka sawasawa. Fransé mwingine, Charles, alikuwa ameona jambo hili miaka 15 mbele, lakini hakuliandika. Gay-Lussac angeweza kunyamaza na kuchukua heshima yote. Hapana, alitaja jina la Charles mu maandiko yake.

Juu ya mawingu, na moto mu macho

Tarehe 16 Septemba 1804, akiwa na miaka 25, alipanda peke yake ndani ya balo yenye kujaa gazi ya hidrojeni, kutoka Paris. Alifika metre 7016. Mlima wetu wa juu kabisa mu Kongo, Margherita wa Ruwenzori, una metre 5109, fikirini basi. Hakuwa na chupa ya oksijeni. Chini kulikuwa joto; kule juu baridi ilifika degre 9 na nusu chini ya ziro, na kupumua kukawa ngumu. Yeye aliendelea kuandika namba zake na kufungia hewa ndani ya chupa. Aliporudi, akaipima ile hewa, akakuta oksijeni iko kwa kiasi sawa na ya chini. Hewa ya juu ni nyepesi, lakini mchanganyiko ni ule ule.

Mu 1808 alikuwa anafanya kazi na rafiki yake Thénard juu ya potasiumu, chuma chenye kuwaka ku maji. Kitu kikapasuka mbele ya uso wake. Hakukuwa miwani ya kukinga mu siku zile. Kwa muda walizani amepofuka. Alipona, lakini macho yake hayakurudia nguvu yake yote. Sisi tunajua watu wa mine wenye wanaishi vile, na jicho moja lenye ukungu, kisha mshindo wa baruti ao asidi kuruka. Yeye alirudi ku kazi, na ile mwaka njo alitoa sheria yake kubwa ya gazi: gazi zikishikana, zinashikana kwa namba nyepesi, moja kwa moja, moja kwa mbili, moja kwa tatu. Kwa mfano, litri mbili za hidrojeni zinataka litri moja ya oksijeni kuwa maji.

Juu ya ndoa yake, wanasimulia kama aliingia mu duka moja la nguo mu Paris, akamwona binti muuzaji anasoma kitabu chini ya meza. Kilikuwa kitabu cha kemia. Akashangaa, akarudi, akamuoa. Aliitwa Geneviève Rojot. Waliishi pamoja mpaka mwisho na kuzaa watoto watano.

Kazi ya pombe

Sasa tufike ku kazi yenye ilitia jina lake ku chupa. Serikali ya Ufaransa ilitoza kodi juu ya pombe kali. Lakini kodi ya nini? Pipa moja linaweza kuwa na maji mingi, lingine alkole mingi. Watu walijaribu kwa njia za zamani: walitikisa chupa na kuangalia povu, ao walimwaga pombe juu ya baruti na kuwasha. Kulikuwa pia vyombo vya kioo, cha Baumé na cha Cartier, lakini degre zake hazikusema wazi alkole ni kiasi gani. Muuzaji alisema hivi, munuzi vile, mtu wa kodi njia yake. Mwenye sauti kubwa alishinda.

Serikali ikampa Gay-Lussac kazi ya kumaliza zile fujo. Ili kuelewa alichofanya, lazima kwanza tujue densite.

Densite ni uzito wa kitu kwa kipimo kile kile cha fasi yenye kinashika. Chukua chupa moja. Tupu ina gramu 150. Ijaze maji mpaka ku alama: gramu 650. Ni kusema maji ni gramu 500. Mwaga, kausha, jaza pombe mpaka alama ile ile: gramu 615. Ni kusema pombe ni gramu 465. Gawa 465 kwa 500, unapata 0,93. Njo densite ya ile pombe mbele ya maji. Hii hesabu mtoto wa masomo anaweza kuifanya ku meza ya mama, na mizani nzuri.

Njia ya pili inafanya haraka zaidi. Unachukua kichupa cha kioo chenye uzito chini na shingo ndefu yenye alama. Unakiacha kielee. Kitu chenye kuelea kinasukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Arkimede alionyesha hili tangu zamani. Mu kinywaji kizito kinazama kidogo tu. Mu kinywaji chepesi kinazama sana. Alkole safi ni nyepesi kuliko maji: litri moja ina uzito wa karibu gramu 794, ikiwa na joto la degre 15. Kwa hiyo pombe ikiwa na alkole mingi, kioo kinazama zaidi, na unasoma alama yenye kugusa uso wa pombe.

Mpaka hapa inaonekana rahisi: andika 0 fasi kinasimama mu maji, andika 100 fasi kinasimama mu alkole, gawa katikati. Lakini ukifanya vile, unaiba. Ukichanganya litri 50 za alkole na litri 50 za maji, haupate litri 100. Unapata karibu 96 na nusu. Zile mbili zinaingiliana, zinabanana. Kwa hesabu nyepesi, pombe ya nusu kwa nusu ingekuwa na densite karibu 0,897. Kwa kweli pombe yenye kuwa na litri 50 za alkole ndani ya litri 100 ina karibu 0,93. Na ile yenye densite 0,897 ina zaidi ya litri 65. Hesabu ya haraka ingedanganya kwa zaidi ya degre 15 pipa nzima, na mtu mmoja angelipa lile kosa.

Gay-Lussac hakutafuta njia ya mukato. Alichanganya, akapima, akachanganya tena, akapima tena, akiandika kila namba. Tena akaona tatizo la pili: joto. Pombe ikipata joto inapanuka, inakuwa nyepesi, kioo kinazama zaidi na kuonyesha nguvu yenye haiko. Pombe ya degre 50, ukiipima mu joto la 30, sawa vile saa nane ya mchana mu Oktoba kwetu, itasoma karibu 56. Mwenye kuuza atapenda jua. Mwenye kununua atapenda asubuhi. Kwa kukata mabishano, Gay-Lussac alisema kipimo kiwe ku degre 15, na akatengeneza tabulo kubwa: unasoma kioo, unasoma joto, unashuka mu mstari, unapata namba ya kweli.

Mu 1824 akatoa chombo chake, alkometre ya mia, pamoja na kitabu cha kueleza namna ya kukitumia, na serikali ikakichukua kwa kazi ya kodi. Degre moja ni litri moja ya alkole ndani ya litri mia za pombe. Tangu ile siku muuzaji, munuzi na mtu wa kodi waliweza kusimama mbele ya kioo kimoja na kusoma namba moja. Chombo kilitengenezwa kwa faida ya kodi, tusijidanganye. Lakini mwenye kulipa pia aliweza kukitumia, na mtu wa kodi hakuweza kusema namba ya mdomo tu.

Tuongeze neno moja kwa wanywaji wa lutuku. Wengi wanaijaribu kwa kuiwasha: ikiwaka na moto wa buluu, wanasema ni nzuri. Moto unaonyesha kama inawaka, basi. Na hata alkometre ya Gay-Lussac haiwezi kukulinda ku metanole, ile alkole ya sumu yenye kupofusha na kuua, kwa sababu densite yake ni karibu sawa na ya alkole ya kunywa. Kipimo kinajibu ulizo lake peke yake, lingine hakijibu. Tusizani namba ya degre ni ruhusa ya munganga.

Asidi na moshi wa viwanda

Kazi ya pili ni ya asidi ya sulfuri, ile ile yenye viwanda vya Likasi na Kolwezi vinatumia kutoa shaba na kobalti mu mawe. Mu wakati wa Gay-Lussac waliitengeneza mu vyumba vikubwa vya risasi. Ndani walitia sulfuri yenye kuungua, mvuke wa maji, na gazi za nitro zenye rangi ya kahawia. Kisha kazi, zile gazi zilitoka mu chimine na kuangukia wafanyakazi na majirani. Mu 1827 Gay-Lussac alifikiri munara: gazi zinapanda, asidi nzito inatiririka kutoka juu, inazikamata, zinarudishwa ku kazi.

Tuseme ukweli: munara haukufikiriwa kwanza kwa mapafu ya wafanyakazi. Nitro iliuzwa bei kali, na kuitupa hewani ilikuwa kutupa franga. Munara ulianza kutumika ku Chauny, kiwanda cha kampuni ya Saint-Gobain, na Gay-Lussac mwenyewe akawa mukubwa mu ile kampuni. Viwanda vingine vilikawia miaka mingi, mpaka munara mwingine, wa Glover, ulipopatikana mu 1859 na kufanya hesabu ya faida kuwa nzuri zaidi. Sisi watu wa sendika tunasoma hapo jambo lenye tunalijua: mitambo yenye kusafisha hewa inaingia haraka ikileta faida, na inakawia ikileta afya tu. Kazi yetu ni kusukuma ile ya pili.

Na hapa densite inarudi. Asidi kali ya sulfuri ina densite ya 1,84. Bidoni ya litri 20 ikiwa na maji ni kilo 20. Ikiwa na asidi ni karibu kilo 37. Pipa la litri 200 linafika kilo 368, bila kuhesabu pipa lenyewe. Mtu akiambiwa tu litri, anainua akifikiri maji, na mgongo unavunjika ao bidoni inaanguka. Tena, kwa sababu asidi ni nzito kuliko maji, ukimwaga maji juu yake yanabakia juu, yanachemka pale pale na kuruka ku uso. Njo maana ni asidi yenye kutiwa mu maji, pole pole, na kukoroga. Maji hayatiwe mu asidi hata siku moja. Wafundisheni vijana sababu yake, maana mtu mwenye kujua sababu hasahau.

Feza ya watu

Mu 1829 Gay-Lussac aliwekwa kuwa mukubwa wa kupima feza ku nyumba ya kutengeneza franga mu Paris. Kule waliyeyusha kipande cha feza pamoja na risasi ndani ya kikombe cha majivu ya mifupa. Kikombe kilikunywa risasi na uchafu, feza ikabakia, ikapimwa. Njia ya zamani sana, lakini ilikuwa na kasoro: feza kidogo ilipotea mu kikombe na mu moshi. Kipimo kilitoka chini ya ukweli, na mwenye kuleta feza alipunjwa bila mtu kuiba kwa mkono.

Yeye akaleta njia ya maji. Unayeyusha kipande mu asidi ya nitriki. Kisha unamwaga pole pole maji ya chumvi, yenye nguvu yake inajulikana kabisa: desilitri moja inashika gramu moja ya feza. Kila tone linaleta wingu jeupe. Wakati wingu halije tena, feza imekwisha. Unasoma umetumia maji ya chumvi kiasi gani, na umejua feza ilikuwa kiasi gani, karibu bila kosa. Alieleza njia hii mu kitabu mu 1832. Uzuri wake ni kwamba mtu mwenye kusimama pembeni anaona wingu vilevile na mwenye kupima. Majina burette na pipette, yenye watu wa laboratware wanatumia mpaka leo, ni yeye aliyeyatia mu kazi ya kupima.

Mwisho wake

Kuanzia 1831 alikuwa mjumbe wa bunge kwa jimbo lake la Haute-Vienne, na mu 1839 mfalme akamtia mu baraza la wakubwa. Hakusema sana ku siasa. Alifundisha ku Sorbonne, kisha ku Jardin des Plantes. Alikufa mu Paris tarehe 9 Mei 1850, na miaka 71, akazikwa ku Père-Lachaise. Jina lake liko pia ku munara wa Eiffel, pamoja na wenye elimu wengine wa Ufaransa.

Sisi tunachukua nini?

Hatumfanyi kuwa mtakatifu. Alikaa upande wa kampuni na wa serikali. Lakini vipimo vyake vina tabia moja: watu wawili wenye kubishana wanaweza kusoma pamoja. Na kila mara aliandika mambo yenye kugeuza namba: joto, kiasi, namna ya kufanya.

Sasa angalieni ku madepo yetu ya kununua mawe. Mchimbaji analeta mifuko. Munuzi anapima kilo mwenyewe, anaelekeza mashini yake ku jiwe, anasoma teneri peke yake, ni kusema kiasi cha shaba ao kobalti ndani, na kutaja namba kwa mdomo. Anaondoa kilo juu ya maji bila kuonyesha alivyohesabu. Mchimbaji haone kitu. Ile si kipimo. Ile ni bei yenye kuvaa nguo ya kipimo. Ufaransa ya mbele ya 1824 ilikuwa vile kwa pombe.

Kwa hiyo, ndugu, tunaomba mambo matatu yenye hayataki elimu kubwa. Mashini na baskili vielekezwe upande wa wote wawili, muuzaji asome namba kwa macho yake. Sampuli ichukuliwe mbele ya wote, na nusu yake ifungwe na kubakia kwa muuzaji, ili ipimwe fasi nyingine kama kuko mabishano. Na namba zote, kilo, maji na teneri, ziandikwe ku karatasi, kila mtu abakie na yake. Mu kiwanda vilevile: densite ya asidi na uzito wa kila bidoni viandikwe wazi fasi mtu anaweza kusoma mbele ya kuinua.

Na wazazi, mtoto akirudia nyumbani na hesabu ya densite, musimwambie ni mambo ya Wazungu. Mupeni chupa na mizani. Siku moja ataenda na ninyi ku depo, na atasoma namba.